Wajibu na Hatari za Kisheria kwa Wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji katika Usimamizi wa Ardhi



Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Daraja la J. P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, msafiri wa Kigongo kwenda Busisi hasubiri tena kivuko. Kilomita 3 za maji anazivuka kwa dakika chache. Daraja kama hilo huleta wanunuzi wa ardhi, na wakifika kijijini mlango wa kwanza wanaobisha ni wenu, wajumbe wa halmashauri ya kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji na kuitaka iisimamie kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika. Wanufaika ni wanakijiji wote, pamoja na mjane wa pembeni asiyefika mikutanoni. Kifungu hichohicho kinawakataza kugawa ardhi au kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia.

Neno "kabla" ndilo linalowaponza viongozi wengi. Mgeni anakuja na haraka zake, kikao cha watu wachache kinakaa ofisini, anaonyeshwa eneo, fedha inapokelewa. Kisha muhtasari wa mkutano mkuu unaandikwa baadaye, na nyuma yake inabanwa orodha ya mahudhurio ya mkutano mwingine kabisa, labda ule wa ujenzi wa zahanati. Mhuri unagongwa. Siku shauri likifika barazani, wakili wa upande wa pili hahitaji maneno mengi: anaomba daftari la mihtasari, analinganisha tarehe, kisha anamwita mmoja wa walioorodheshwa na kumuuliza kama ajenda ya ardhi aliisikia. Mgao huo hausimami, na aliyenunua anageuka kudai fedha yake.

Anamdai nani? Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye nafsi yake kisheria. Inaweza kushtaki na kushtakiwa, na anayetaka kuishtaki hutanguliza notisi ya siku 90. Kwa hiyo deni la maamuzi halali ni la kijiji. Jinai, hata hivyo, ni ya mtu binafsi. Aliyeghushi muhtasari atajibu mwenyewe. Anayetumia madaraka yake kinyume cha sheria ili kujinufaisha au kumnufaisha mwingine anakabiliwa, chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kung'atuka uongozini hakufuti kosa hilo.

Kwetu mwambaoni mwa ziwa kuna jambo la pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Viwanja vinavyotazama maji ndivyo vinavyoshawishi zaidi, basi pimeni mita hizo kwanza, kabla ya kuzungumza bei.

Wanakijiji nao wana meno. Wasiopungua 100 wanaweza kupeleka malalamiko halmashauri ya wilaya kwamba ardhi yao haisimamiwi ipasavyo. Naona hiyo ni haki njema, na kiongozi anayetoa taarifa ya ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida, kama sheria inavyomtaka, hana sababu ya kuiogopa.

Mjumbe asiyekubaliana na uamuzi asinyamaze. Aombe jina lake na sababu zake ziandikwe palepale kwenye muhtasari, na mwenye maslahi katika eneo linalojadiliwa atamke hivyo, kisha atoke nje ya kikao.

Nawaomba mkirudi vijijini mfungue daftari la mihtasari, mtafute kila mgao wa ardhi uliofanyika chini ya uongozi wenu, na ule usio na idhini ya mkutano mkuu mwende kuueleza mbele ya wanakijiji katika mkutano unaofuata.