Kuhama Chuo: Tupime Kabla ya Kulipa



Binti mmoja tunayemsomesha udaktari, mwaka wa kwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, ameomba tumsaidie kuhamia Muhimbili. Tumemsikiliza. Muhimbili ina sifa ya miaka mingi, na hospitali ya taifa ipo hapo hapo. Lakini Dodoma nako wapo wagonjwa wa kujifunzia, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na shahada ni ileile: miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini.

Kwetu si kama Marekani, ambako kwa kawaida mwanafunzi humaliza kwanza shahada nyingine ndipo aombe udaktari. Wetu huingia kutoka kidato cha sita. Akihama na masomo yake yasihesabiwe, anaanza upya. Na ada ya mwaka huo ni ya mtoto mwingine anayesubiri.

Tumekubaliana aulize kwa maandishi: nafasi ipo? Masomo yatahesabiwa? Mkopo utamfuata? Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itaridhia? Majibu yakiwa mema, tutamsindikiza. Yasipokuwa mema, atabaki Dodoma, nasi tutabaki naye.