Mti wa Uani na Afya ya Mtoto

Mama, nyanya, nawe yaya, songeni karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya mti. Usishangae. Mti ulio uani mwa ploti yenu unamlinda mtoto wako.

Fikiria saa nane mchana, mwezi wa Februari, katika chumba cha mabati kule Mathare au Mukuru. Ndani hakukaliki. Mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko wewe, na mwili wake haujaweza kujipoza vizuri. Hupungukiwa maji haraka.

Sasa toka ukae naye chini ya mti. Kivuli huzuia jua. Tena mizizi huvuta maji ardhini, na majani huyatoa hewani kama mvuke. Ndiyo sababu chini ya mti kuna ubaridi kuliko chini ya bati. Majani pia hunasa vumbi la barabarani.

Mkiwa kivulini, mpunguzie mtoto nguo na blanketi, na umnyonyeshe mara kwa mara. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Ukiona mdomo umekauka, analia bila machozi, hakojoi kama kawaida, au amelegea na hataki kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mama, mti huu tunauua wenyewe bila kujua. Tunachomea takataka shinani. Moto huunguza mizizi, na moshi wa plastiki huingia kifuani mwa watoto. Tunamwaga hapo maji ya sabuni na mafuta machafu. Wengine hubandua gamba kuzunguka shina ili wachemshe dawa. Mti uliobanduliwa gamba pande zote hukauka. Na tafadhali, mtoto mchanga asipewe mwarobaini, hasa mafuta yake, kwa kuwa yanaweza kumdhuru vibaya. Akiwa na homa, dawa yake iko hospitali.

Labda utasema, "Mimi ni mpangaji tu, mti ni wa mwenye nyumba." Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la orofa 60 lililopangwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini jengo halikujengwa. Hadi leo bustani hiyo ipo. Wewe huombwi kufanya makubwa hivyo. Zungumza na majirani zako, kisha mwendeeni mwenye nyumba pamoja. Kama tawi linatishia paa, mwombeni akate tawi, aache mti.

Na kama ploti haina mti, ombeni nafasi mpande mmoja, mbali na ukuta na mabomba. Maji yaliyosuuza mboga yanatosha kuunywesha. Uzungushieni vijiti mbuzi wasiule.

Kumbuka mambo matatu: joto likizidi, mtoto akae kivulini na anyonye mara kwa mara, usichome takataka chini ya mti, na usibandue gamba lake.

Jioni hii, kabla ya kumwaga maji ya mboga, tazama nje. Je, kuna mti wenye kiu? Hadi kipindi kijacho, kwaheri.