SINDANO IKILETA MADHARA: NENDA LINI KWA WAKILI?



Leo sizungumzii kura wala ruzuku za vyama. Nazungumzia jambo ambalo likimkuta kijana wa Manzese, Tandika, Mabatini au Unga Limited, humkuta peke yake. Umempeleka mwanao kliniki akachanjwa, au umechomwa wewe mwenyewe kwa ajili ya safari au kazi. Baadaye mambo yanaharibika. Kijiweni wanakwambia nenda mahakamani, nyumbani wanakwambia mwachie Mungu, na hospitali wanakwambia njoo kesho. Wakati huo siku zinakwenda, na sheria inazihesabu.

Nianze kwa kuweka jambo moja sawa, asije mtu akapotosha maneno yangu. Chanjo ni haki ya mlalahoi. Tajiri akiugua hupanda ndege. Mtoto wako kinga yake ni ile sindano ya bure. Tanzania iliona mgonjwa wake wa mwisho wa virusi vya asili vya polio mwaka 1996, na kazi hiyo ilifanywa na chanjo. Kwa hiyo sikuiti uikimbie chanjo. Nakuita udai haki yako pale mtu alipofanya kosa.

TENGANISHA MAMBO

Si kila kinachotokea baada ya sindano kimeletwa na sindano. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanataja vyanzo vitano: dawa yenyewe kwa asili yake, dawa iliyoharibika kiwandani, kosa la mtoaji chanjo, hofu ya anayechomwa, na ugonjwa uliokuwa unakuja tu hata kama asingechanjwa.

Homa ya siku moja au mbili, mkono kuuma, mtoto kulia usiku: hayo si ya wakili. Kidonda kidogo cha chanjo ya kifua kikuu kinachotokea wiki kadhaa baadaye na kuacha kovu nacho ni cha kawaida. Ukimpelekea wakili kesi hiyo atakula nauli yako bure. Lakini mtu akivimba uso, akikosa pumzi au akizimia muda mfupi baada ya sindano, hiyo ni dharura. Kimbilia kwa daktari kwanza, wakili atafuata.

KOSA LA MTU LIPO

Wapo wakubwa wanaopenda kusema kwamba chanjo haiwezi kudhuru, basi. Huo ni ubabaishaji. Jirani zetu wa Sudan Kusini walipoteza watoto 15 eneo la Kapoeta mwaka 2017 katika kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha sindano ilitumiwa tena na tena na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Chanjo ya surua haikuwa na hatia. Waliokosea ni watu walioiendesha kazi ile.

Kisiwani Samoa, Julai 2018, watoto wawili walikufa baada ya wauguzi kuchanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Wauguzi wawili walifungwa miaka mitano mwaka 2019. Hata hivyo, sikiliza kilichofuata. Chanjo ilisimamishwa kwa miezi, watu wakaingiwa na woga, na mwishoni mwa mwaka 2019 surua ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Ndiyo maana nasema kosa lazima lifichuliwe mapema na kwa ushahidi. Likifichwa, uvumi hushika nafasi ya ukweli, na uvumi unaua.

DALILI NNE ZA KUMTAFUTA WAKILI

Ya kwanza ni uzito wa madhara. Kifo, kulazwa, kupooza, kupoteza kuona au kusikia, au maumivu yanayokuzuia kazi kwa wiki nyingi. Usisubiri upone ndipo uulize. Uliza ukiwa bado unatibiwa.

Ya pili ni dalili ya uzembe. Sindano moja kutumika kwa watu wawili, chupa iliyopitwa na tarehe, boksi la baridi lisilo na baridi, au watoto kadhaa waliochanjwa kituo kimoja siku moja kupata tatizo lile lile. Hapo hauko peke yako. Tafuteni wakili kwa pamoja.

Ya tatu ni karatasi kufichwa. Ukinyimwa kadi, ukizungushwa kuhusu faili, au akija bwana mwenye bahasha ya pole na karatasi ya kusaini, simama hapo hapo. Pole ipokee kwa mdomo, lakini sahihi yako isiende popote kabla wakili hajasoma.

Ya nne ni muda, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

SAA YA SHERIA

Sheria yetu ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya fidia ya madhara. Mingi? Ngoja. Sheria hiyo hiyo inatoa mwaka mmoja tu kwa fidia ya jambo linalodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, na mawakili wa upande wa pili wanajua kuitumia hoja hiyo. Ukiwa unaishtaki Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku zisizopungua 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na shauri lenyewe linakwenda Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, halmashauri nazo zimeingizwa katika utaratibu huo. Panga kana kwamba siku hizo 90 zinatoka ndani ya muda wako. Kwa usalama, muone wakili ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa mtoto sheria ina huruma ya kuhesabu muda kwa namna nyingine, kwa kuwa bado hajafikia umri. Usiitegemee huruma hiyo. Muuguzi atahamishwa, daftari litapotea, na shahidi atarudi kwao.

USHAHIDI NI KARATASI

Tunza kadi ya kliniki. Andika jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, tarehe, saa, kituo, na majina ya waliokuwepo. Piga picha ya uvimbe au kidonda kila siku. Weka risiti zote na karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Daktari akisema jambo, muombe aliandike. Taarifa ifike kituoni na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nawe ubaki na nakala. Malalamiko dhidi ya muuguzi hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ya daktari, Baraza la Madaktari.

Na hili ni gumu kulisema, lakini nalisema. Mtu akifariki, omba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Ukishazika bila uchunguzi, umezika na sehemu kubwa ya kesi.

Huna hela? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili yako, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo. Jihadhari na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama. Jina la wakili halali huangaliwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

TUNACHODAI

Sasa niseme ya siasa kidogo, maana bila sheria nzuri hata wakili hodari atagonga ukuta. Hapa kwetu anayedai lazima athibitishe uzembe. Je, kama hakuna aliyezembea, ila mwili wa mtoto mmoja kati ya wengi sana ukaikataa dawa? Abebe mzigo peke yake, wakati jamii nzima imekingwa?

Wenzetu walishajibu swali hilo. Marekani mwaka 1955 chanjo ya polio ya kampuni ya Cutter ilitoka na virusi hai, watu takriban 200 wakapooza na 10 wakafa. Mwaka 1958 baraza la mahakama lilisema kampuni haikuzembea, lakini ilipe, kwa kuwa dawa haikuwa ile iliyoahidiwa. Uingereza ilitunga sheria ya malipo kwa walioathirika mwaka 1979. Marekani ilitunga yake mwaka 1986: kila dozi hukatwa senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, na fedha hiyo ndiyo hulipa fidia bila mwathirika kuthibitisha uzembe. Hata wakili wa aliyeshindwa hulipwa, mradi kesi ilikuwa ya kweli na yenye msingi.

Sisi mfuko wetu wa namna hiyo hatuna. Kwa chanjo za UVIKO zilizokuja kupitia COVAX kuanzia Julai 2021, ulikuwepo mpango wa kimataifa wa fidia uliohusu nchi 92, yetu ikiwamo. Mpango huo una masharti ya tarehe, na ukipokea malipo yake umefunga madai yako. Wangapi mtaani kwako waliambiwa habari hiyo siku ya kuchomwa?

Basi kijana, tuwadai wabunge, wa chama chochote kile, watunge sheria ya mfuko wa fidia ya chanjo. Ni haki ya mzazi anayetimiza wajibu wake, na itampa moyo mzazi mwingine kumleta mwanawe bila woga.

Wakati tukidai hayo, jioni ya leo kaangalie kadi ya kliniki ya mwanao. Kama haina tarehe au namba ya toleo la chanjo, kesho rudi kituoni, uliza kwa adabu, na uandikiwe.