Kilimia Bado Kipo?



Leo nataka kuwasimulia habari za mama yangu na kamera niliyoazima. Mama ana miaka 83, naye angali anakaa kwetu Ukambani, katika boma lile lile nililozaliwa. Tulipokuwa wadogo, mwezi wa Oktoba ulipofika, alikuwa akitutoa nje kabla ya kulala na kutuonyesha upande wa mashariki nyota zilizokusanyika pamoja kama vifaranga. "Kile ni Kilimia," alituambia. "Kikipanda hapo, jembe lisilale nyumbani." Jina lenyewe latoka katika kulima. Hata katika Biblia yetu ya Kiswahili, kitabu cha Ayubu chakitaja kwa jina hilo hilo, nami nimekihubiri mara nyingi. Lakini nasema kweli mbele yenu: kwa miaka mingi sikuwa nimeinua macho yangu kukitazama.

Mwezi wa Disemba nilikwenda kumwona mama, baada ya miezi mingi ya kumwambia, "Nitakuja wiki ijayo." Nilimkuta ameketi mlangoni. Ana ugonjwa wa presha ya macho, ule uitwao glakoma. Ugonjwa huu huharibu pole pole mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo, na kuona kulikopotea hakurudi tena. Mama amebakiwa na nafasi ndogo ya katikati tu, kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi, tena kitu chenyewe kiwe na mwanga wa kutosha. Nyota hazioni tena. Usiku ule akaniuliza, "Mwanangu, Kilimia bado kipo?"

Nikajibu upesi, "Kipo, mama." Nami nilikuwa nimeketi ndani, sijatazama.

Jibu lile halikuniacha. Mwezi wa Januari, mvua za vuli zilipokwisha na mwezi haupo angani, nilimwendea kijana mmoja wa kanisa letu apigaye picha za arusi, nikamwomba kamera. Alicheka kidogo. "Mchungaji, nyota hazisimami kupigwa picha," akasema. Nilidhani anafanya mzaha.

Usiku wa kwanza niliharibu kila kitu. Nilielekeza kamera juu, nikabonyeza, taa yake ikawaka, na nilichopata ni majani ya mwembe yanayong'aa na giza nyuma yake. Nikaizima ile taa, nikaishika kamera kwa mikono miwili. Nyota zikatoka kama minyoo, kwa maana mikono ya mtu wa umri wangu haitulii. Tena sokoni kwetu wamesimamisha ile taa ndefu tuiitayo mulika mwizi, nayo iliyajaza mawingu membamba mwanga hata picha zote zikawa nyeupe kama uji. Taa ile imetusaidia sana, siisemi vibaya, lakini nyota imetuficha.

Kesho yake nilimpigia kijana simu, akanifundisha kwa subira. Kwanza, ondoka penye taa. Pili, kamera haiwezi kujilengea gizani. Ielekeze kwenye nyota ing'aayo sana, uikuze katika kioo, uzungushe lenzi kwa mkono mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Halafu usiiguse kamera inapopiga: iamuru ijihesabie sekunde kumi kwanza. Stendi ya miguu mitatu sikuwa nayo, basi nikateremka hadi bondeni na kigoda na mfuko wa maharagwe, nikailaza kamera juu yake. Kilimia kilikuwa juu, upande wa kaskazini. Nikaliacha jicho la kamera wazi nusu dakika.

Nyota zikatoka, lakini kila moja ilikuwa kijistari kifupi. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya yule kijana. Dunia yetu huzunguka, na kila dakika mbili mbingu husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Kwa macho hatulioni jambo hilo. Kamera iliyotulia juu ya maharagwe yaliona katika nusu dakika. Nikapunguza hadi sekunde sita, nikafuta umande kwenye lenzi, nikajaribu tena na tena hata saa nne ya usiku. Hatimaye nyota zikawa nukta.

Wala si mimi peke yangu niliyehitaji kusaidiwa. Mwaka 1882, kule Rasi ya Tumaini Jema, mwanafalaki David Gill alitaka picha ya nyota kubwa yenye mkia, akasaidiwa na mpiga picha wa hapo karibu. Nyuma ya ile nyota zikaonekana nyingine nyingi mno, hata akaazimia kuzipiga picha nyota za mbingu ya kusini. Na orodha iliyotokana na kazi hiyo ina nyota zaidi ya 450,000.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa macho. Nikamshikisha kamera, nikakileta kioo chake karibu na uso wake, pale penye nafasi yake ndogo ya kuonea. Alinyamaza muda mrefu.

"Hiki si Kilimia," akasema. "Kilimia kina nyota sita. Hizi ni nyingi."

Nilikuwa nimezihesabu, zilikuwa 23. Nikamweleza kwamba jicho letu halikusanyi mwanga kwa muda mrefu, bali kamera hukusanya sekunde baada ya sekunde, na kwamba kundi lile lina nyota zaidi ya elfu moja. Nikamwambia pia kwamba mwanga ule umesafiri miaka 440 hivi. Ulipoondoka kule, Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Habari ya Wareno haikumgusa. Alitaka kuona picha nyingine.

Nikamwonyesha ile niliyoihesabu kuwa imeharibika.

"Hapa zinatembea," akasema.

"Ni sisi tunaotembea, mama. Dunia ndiyo inayozunguka."

"Na zenyewe? Bado ziko pamoja?"

Nikatazama vile vijistari. Vyote vilikuwa na urefu mmoja, vimeelekea upande mmoja. "Ziko pamoja," nikasema.

Akanirudishia kamera, akajifunika shuka. Kisha akaniuliza, "Na sasa kimefika wapi? Kimefika kwenye mwarobaini?"

Safari hii nilitoka nje kwanza, ndipo nikamjibu.