Maua ya Kwetu Kwenye Karti za Arusi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi

Kwenye mkutano uliopita mama mumoja aliuliza: "Hii kompyuta tuliyopewa, vijana wanachorea maua. Maua yataleta unga?" Ni ulizo la haki, na leo nitalijibu.

Tangu turudi kutoka kambi za Tanzania, watoto wetu wanaoana. Kila arusi inaomba karti za mwaliko, na karti hizo tunazitafuta Uvira ao Bujumbura. Feza inatoka kwetu na hairudi. Ili ibakie hapa, karti yetu lazima ipendeze kama ile ya mjini. Na kitu cha kwanza jicho linaona ni maua ya nyuma, yale yanayolala chini ya maandishi.

Vijana wengi wanachukua maua kwenye intaneti. Lakini picha ile iko na mwenyewe, naye hakutupa ruhusa. Tena mara nyingi ni ndogo: kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi inatoka na ukungu. Na bugenvilia inachanua bure mbele ya nyumba zetu!

Programu tunayotumia inaitwa GIMP. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliianza mwaka 1995, na mpaka leo haiuzwi. Hatudaiwi leseni, na unaweza kuileta kwa flashi tu.

Kazi inaenda hivi. Chuma ua asubuhi, liweke kivulini juu ya karatasi nyeupe, piga foto kutoka juu. Ndani ya GIMP, likate na uondoe weupe wa pembeni. Fungua picha mpya ya pikseli 600 kwa 600. Ukichapa pikseli 300 kwa inchi, ni kama sentimeta 5. Weka ua mara tatu ao ine, kila moja kwenye tabaka lake. Moja ligeuze, lingine lipunguze, yasisimame kama askari kwenye mstari.

Sasa mama, angalia kikwembe chako. Ua linarudi na kurudi, lakini hauoni mahali picha inaishia na kuanza tena. Sisi pia tunatafuta hivyo. Unganisha matabaka, kisha sogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu. Kinachotokea upande huu kinaingilia upande ule. Kingo zinakuja katikati, mshono unaonekana wazi. Ufunike kwa ua lingine. Halafu amuru programu irudilie kipande hicho mpaka kijaze karti: kwa A5, ni pikseli 1748 kwa 2480.

Hapa njo wengi wanaharibu. Wanaacha maua na nguvu yake yote, majina ya bwana na bibi arusi hayasomeki. Punguza rangi ya tabaka la maua mpaka robo hivi. Chapa karatasi moja, umupe mzee asome. Akishindwa, punguza tena.

Na muhifadhi kila mara, sababu umeme haupigi hodi ukienda. Faili ya XCF inatunza matabaka kwa kusahihisha. Ile ya PNG njo inaenda kuchapwa.

Basi mama, maua peke yake hayaleti unga. Karti ikiuzwa hapa, italeta. Wanachama, mwenye arusi atuulize sisi kwanza mbele ya kupanda gari. Na nyinyi wafadhili, kinachokosekana ni mashine ya kuchapa rangi pamoja na wino wake. Leo vijana wanabeba flashi mpaka mjini, na faida inaishia kwenye nauli.

Mwenye ulizo, aulize.