Riali Mkononi, Dola Hesabuni



Wanangu wahitimu, mmesoma uhasibu hapa Saudia baada ya zamu za kazi, macho yakiwa mazito. Ndiyo maana nawaletea hesabu yenu wenyewe.

Mwanzoni mwa 2024, riali 1,000 zikitumwa Kenya zilifikia shilingi 42,000 hivi. Kufika katikati ya mwaka, riali zilezile zilileta kama 34,000. Mshahara haukukatwa, na karo haikushuka. Wengi waliwashuku mawakala wa kutuma fedha. Lakini tangu 1986 riali imefungwa kwenye dola: riali 3.75 kwa dola moja. Anayelipwa riali ni kama amelipwa dola. Februari ile Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 ili ipate kulipa deni lililoiva Juni. Hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikapungua sokoni, na dola ikashuka kutoka shilingi 160 hadi karibu 129.

Nawasihi, msiombe shilingi ianguke ili bahasha ya nyumbani inone. Mama anayepokea fedha zenu hupanda matatu inayotumia mafuta yaliyonunuliwa kwa dola. Tangu 2023 Kenya huchukua mafuta kwa mkopo kutoka kampuni za serikali za Ghuba, Aramco ya hapa ikiwemo. Mafuta ya Saudia yanakwenda Mombasa, na malipo si kwa riali wala si kwa shilingi! Hili linaniuma, kwa sababu riba ya dola huamuliwa Washington, ambako hakuna hata mmoja wetu mwenye kura.

Hali hii ya dola kutawala si ya milele. Zamani Jeddah na Unguja zote zilipokea sarafu ya fedha ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 juu yake, iliyotoka Austria. Baadaye rupia ya India ikatawala pwani yetu, nayo ikaondoka. Dola yenyewe iliachana na dhahabu mwaka 1971, na bado inashika usukani, kwa kuwa mataifa yanaweka akiba na kukopeshana kwa dola.

Basi mkipiga simu nyumbani usiku huu kutangaza vyeti vyenu, mwelezeni mama kwa nini bahasha ilipungua mwaka ule. Akina mama wengi walidhani watoto wao wamewasahau.