Somo la Tisa: Baba Naye ni Mlezi



Wasikilizaji wapendwa, ninyi baba na mama wa Kanyaruchinya, wa Kibumba na wa vijiji vyote vilivyo chini ya mlima Nyiragongo. Katika somo lililopita tulifundishana juu ya ahadi za ndoa. Leo tuulize jambo moja tu: kumlea mtoto ni kazi ya nani? Wengi watajibu upesi kwamba ni kazi ya mama, na kwamba baba kazi yake ni shamba, nyumba na karo ya shule. Jibu hilo ni nusu ya jibu, na nusu hiyo imewaponza watoto.

Zamani mgawo huo ulionekana kutosha. Baba alilima viazi na maharagwe. Mama alipika, akateka maji, akanyonyesha. (Nasema ulionekana, maana hata wakati ule mama alilima pia, wala hapakuwa na aliyemhesabia.) Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 vita viliwafukuza watu wa Rutshuru na Kibumba, wakajaa Kanyaruchinya katika vibanda vya turubai, mpaka kambi ilipoachwa tupu mwanzoni mwa mwaka 2025. Shamba la baba lilibaki nyuma. Kazi za mama zilimfuata hadi kambini, tena zikaongezeka: maji alipangia foleni, kwa kuwa mawe ya volkano hayana chemchemi, na kuni alizitafuta msituni, katika Hifadhi ya Virunga. Mababa wengi waliketi bila kazi, wakiona haya. Haya hiyo naielewa, lakini haimnyweshi mtoto maji.

Mwezi wa Desemba 2022 kipindupindu kilitangazwa katika eneo la afya la Nyiragongo. Hapo ndipo tunapoona hatari ya jibu lile la nusu. Tuseme mama yuko msituni tangu alfajiri, na mtoto wa miaka miwili anaanza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele. Baba yupo mlangoni. Akingoja mama arudi jioni, mtoto aweza kufa, kwa sababu ugonjwa huo humkausha mtu kwa saa chache. Basi kila baba na ajue haya kama ajuavyo sala ya Baba Yetu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Amnyweshe mtoto kidogo kidogo, huku akimchukua upesi kwenye kituo cha afya. Ambebe mwenyewe mgongoni. Vijana watacheka? Na wacheke.

Mtakatifu Yozefu alipoonywa na malaika usiku, hakusema kwamba mtoto ni shauri la Maria. Aliondoka gizani, akamchukua Mtoto na Mama yake mpaka Misri, akawa mkimbizi katika nchi ya wageni. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, alifundisha kwamba mtu hawi baba kwa kuzaa tu, bali kwa kukubali kumtunza mtoto.

Swali: Je, mume akiteka maji na kuosha watoto, hapotezi ukuu wake nyumbani?

Jibu: Kristu, aliye kichwa cha Kanisa, alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu ya mitume wake.

Juu ya maji hayo, tena: mgongo wa mama hubeba bidoni moja la lita 20, chukudu ya baba hubeba mabidoni kadhaa kwa safari moja. Hapo sioni haja ya kubishana.

Lakini juu ya kuni neno ni gumu zaidi. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu, katika kambi za kando ya Goma, wanawake wengi waliobakwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Mababa hujibu: «Sisi tukienda, tutauawa.» Hofu hiyo si uongo. Hata hivyo, ukiisikiliza hoja hiyo mpaka mwisho, maana yake ni kwamba mwili wa mke ndio unaolipia moto wa jikoni. Kambi imekwisha, msitu ungalipo, na waliorudi vijijini bado wanapika. Haifai jambo hili kuamuliwa na desturi tu, eti kuni ni za wanawake. Mume na mke waketi usiku, watoto wakiisha kulala, washauriane: nani aende, kwa njia ipi, pamoja na nani? Je, kibarua cha baba chaweza kununua makaa, hata kidogo? Na ikilazimu kupika mara moja kwa siku, baba awe wa kwanza kukubali bila kunung'unika.

Juma hili, katika mkutano wa shirika lenu, kila baba aseme mbele ya mke wake: nani aliteka maji jana, nani aliamka usiku mtoto alipolia, na siku ya chanjo ni ipi. Akina mama wasiwasaidie kujibu.